Sanamu za Wagiriki hazikupunjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu kicheko kinachozuka kila picha ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo, mchongaji wa Italia, inapopita mitandaoni. Jitu la mita 5.17, mabega na mapaja ya kutisha, halafu pale katikati utadhani pa mtoto. Basi watu huanza: ni baridi ya Florence, mji ilikochongwa, ni woga wa Goliathi, au fundi aliishiwa marumaru.

Fundi hakuishiwa kitu. Utazameni mkono wa kulia wa sanamu hiyo: ni mkubwa kuliko mwili unavyodai, na mishipa imetuna nyuma ya kiganja. Aliyeichonga kati ya 1501 na 1504 alijua kukuza alichotaka kikuzwe. Kwingine alifuata mtindo wa Wagiriki wa kale, tena aliufuata hadi mfalme wa Kiyahudi, ambaye kwa sheria ya kwao ni lazima awe ametahiriwa, akabaki na govi lake!

Na Wagiriki walikuwa na sababu. Kwao mwanamume kamili ni yule anayetawala matamanio yake, na uume mdogo uliotulia ulikuwa alama yake. Mwaka 423 KK, Aristophanes alionyesha jukwaani Athens tamthilia yake ya Mawingu. Humo kijana anaambiwa kwamba akishika malezi ya kale atapata kifua cha kung'aa, mabega mapana, ulimi mfupi, makalio makubwa na uume mdogo. Hiyo ilikuwa ahadi, si laana. Mwanafalsafa Aristotle naye aliandika kwamba uume mrefu hupunguza uwezo wa kuzaa kwa kuwa mbegu hupoa njiani. Sayansi hiyo tumwachie mwenyewe.

Ukubwa walimpa nani, basi? Waliwapa masatiri, viumbe wenye mkia na masikio ya farasi, walevi wasiokoma kukimbiza wanawake kwenye michoro ya vyombo vya mvinyo. Waigizaji wa vichekesho nao walivaa uume wa ngozi unaoning'inia ili watu wavunjike mbavu. Warumi wakaendeleza. Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, mlangoni mwa nyumba ya akina Vettii, mungu Priapus amechorwa akiupima wake kwenye mizani, upande wa pili mfuko wa fedha. Kazi yake pale ilikuwa kufukuza husuda. Hakuna kijana aliyehimizwa afanane naye.

Hapa ndipo kicheko kinapotugeukia wenyewe. Katika mji huo huo, ndani ya Nyumba ya Menander, kwenye kizingiti cha chumba cha kuogea maji moto kuna mozaiki ya mtumishi mweusi aliyebeba vyombo viwili, uume umechomoza chini ya nguo fupi. Kumchora mtu hivyo ilikuwa kumfanya kichekesho, mtu asiyejitawala. Karne nyingi baadaye Wazungu walitubandikia jambo hilo hilo, nasi tukalipokea kama sifa. Tunajigamba nalo, na mabango ya waganga kwenye nguzo za umeme yanauza dawa kwa wanaojiona hawajalifikia.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkichapa picha za sanamu hizi, msiweke kile kiraka cheusi, maana kinamfanya msomaji adhani kuna kituko kimefichwa. London walikwisha kujaribu. Nakala ya plasta ya Daudi iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert ilitengenezewa jani la mtini, likawa linatundikwa kwa ndoano mbili kila wanawake wa ukoo wa kifalme walipokuja kutembelea. Sasa sanamu ipo wazi, na jani lenyewe limekuwa kivutio cha watalii. Nyinyi andikeni tu mstari mmoja chini ya picha, kwamba mchongaji alikusudia.

Msomaji wenu,
Mombasa