Barua kwa Neema: Vitz au kile kipikipiki

Kihonda, Morogoro
Jumapili jioni

Neema shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka mji kasoro bahari. Sisi hatujambo, mvua imeanza kushika milimani, na mama anakusalimu sana, anauliza kama Imani ameshazoea shule. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ule wa kuniuliza ununue Vitz, kale kagari ka Toyota, au kile kipikipiki cha Honda kiitwacho Monkey. Nilitaka kukujibu palepale kwa sauti, nikaona hapana, hili si jambo la kujibiwa mtu akiwa anaepua ugali. Ndiyo maana nimekaa naandika.

Nianze na ile picha. Kipikipiki ni kizuri, sibishi. Tangi jekundu, taa ya duara, kiti kinene. Hata mimi nilikaa nakitazama. Basi ujue kwamba asili ya hiyo Monkey ni mchezo kweli. Honda waliitengeneza mwaka 1961 kwa ajili ya bustani ya burudani ya Tama Tech, kule Tokyo, watu waizungushe humo ndani wafurahi. Baadaye ndipo zikatengenezwa za barabarani, na za zamani usukani wake ulikunjika ili ziingie kwenye buti ya gari. Hiyo unayoitaka wewe, yenye injini ya cc 125, imekua, lakini matairi yake bado ni ya inchi 12. Hayo matairi ndiyo yamenikosesha usingizi.

Unaikumbuka skuta yangu ya Tabata? Nilikwambia niliiuza kwa sababu nahamia Moro. Hiyo ni nusu ya habari. Ilikuwa Aprili, kama saa mbili usiku, mvua imekatika muda si mrefu. Naenda taratibu tu, sidhani kama nilifika hata 30. Mbele kukawa na dimbwi, la kawaida kabisa, nikalipita kama ninavyoyapita yote. Kumbe chini yake kuna shimo. Pikipiki za bodaboda zina matairi ya inchi 17 au 18. Tairi la namna hiyo linaingia shimoni, linakugonga kiuno, linatoka. La kwangu lilikuwa la inchi 10. Lilizama likakwama humohumo, na mimi nikaendelea na safari peke yangu. Bodaboda mmoja aliyekuwa nyuma aliitega pikipiki yake katikati ya njia, taa inawaka, ili magari yasinipitie pale chini. Sikuwahi hata kumuuliza jina.

Ile kofia ngumu ninayo mpaka leo, iko juu ya kabati. Upande wa kushoto ina ufa mwembamba kama unywele, umeanzia sikioni ukaja mpaka kwenye paji. Siku ukija nitakuonyesha.

Sasa wewe unatoka Kivule kwenda Upanga, kama kilomita 20, nusu ya mwezi ukiwa zamu ya usiku. Unarudi asubuhi hujafumba jicho, unakutana na malori ya bandarini na daladala zinazokatiza kushoto bila hata kuwasha indiketa. Kwenye kipikipiki kile umekaa chini, dereva wa semitrela ukiwa ubavuni mwake hakuoni kabisa. Usingizi ukikushika kwenye gari unaingia sheli, unafunga milango, unalala nusu saa, unaendelea. Kwenye Monkey utalala wapi, Neema? Na Imani utamkalisha wapi? Kile kiti ni cha mtu mmoja.

Najua utaniambia mafuta. Nimepiga hesabu, na sitaki kukudanganya. Tukisema kilomita 800 kwa mwezi, na petroli tuichukulie shilingi 3,000 kwa lita, Vitz ya injini ya lita moja kwenye foleni za Dar itakupa kama kilomita 13 kwa lita, hivyo ni karibu 185,000. Monkey ikienda kilomita 45 kwa lita, ni kama 53,000. Tofauti ni zaidi ya laki na thelathini kila mwezi. Hiyo si hela ndogo kwa mshahara wetu, na mtu asikwambie ni ndogo. Mimi ningeilipa.

Ingekuwa umeshikilia kweli kwamba lazima upate pikipiki, ningekuomba ununue hizi za kawaida, Boxer au TVS, ambazo spea zake zipo mpaka kijijini kwetu. Tairi la Monkey likipasuka utaliagiza na kulisubiri, na siku zote hizo unapanda daladala uliyoikimbia.

Shauri la kaka yako la kuagiza gari Japani uliache kwanza. Bei ya kwenye mtandao inavutia, lakini hapo hujaweka meli, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari likishazidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu juu yake. Vitz za uwezo wako zote zimeshazidi miaka 10. Chukua lililokwisha kusajiliwa hapa, la mtu aliyelitumia mwenyewe.

Ila na hilo nalo lina kazi yake, na hapa ndipo nilipoumia. Gari langu, ile Passo, nililipenda rangi, nikalipa. Lilikuwa limeoshwa mpaka injini inang'aa. Mwezi wa pili, natoka Dar, nafika Mikese, mshale wa joto haupo kwenye hizo gari, kuna taa ndogo tu, na hiyo taa ikawaka nyekundu. Kusimama, moshi. Fundi alipofungua rejeta alinionyesha maji ya kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Aliyeniuzia alikuwa anajazia maji ya bomba, kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini, hakuijua. Gasketi ya injini ilikuwa imeungua, na mimi sikuwa na akiba hata ya elfu hamsini kwa sababu kila nilichokuwa nacho nilishampa yeye. Gari lilikaa chini ya mwembe wa fundi miezi mitatu, huku nikipanda bodaboda kila siku na funguo ya gari ikiwa kwenye mkoba.

Kwa hiyo nakuomba kwa moyo wote: una milioni 11, usinunue gari la milioni 11. Tafuta la tisa, tisa na nusu. Hiyo inayobaki usiiguse, ni ya gari hilohilo. Utatoa bima, utabadilisha jina kwenye kadi, utaweka matairi mawili mapya, na bado litakudai kitu kabla halijamaliza mwaka. Na uulize mapema oili ya gia boksi waliyokuwa wanaweka. Vitz nyingi za umri huo gia boksi yake ni ya CVT, aina ya otomatiki, ina oili yake maalumu, na kuna mafundi wanaweka ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Gia boksi ikifa hapo, bei yake utalia.

Lile Vitz la rangi ya fedha analouza yule mama wa Segerea nimelipenda nilivyoona picha, kwa sababu hakulipaka rangi upya. Mikwaruzo ya bampa ameiacha. Nitakuja Jumamosi na treni ya kwanza, tulikague pamoja. Usiende na fundi wake, nitaongea na wa kwangu aje tukutane hapo. Na tafadhali mpigie huyo mama Ijumaa jioni, umwambie kwa heshima asiliwashe asubuhi mpaka sisi tufike. Nataka nifungue rejeta injini ikiwa ya baridi, na niisikie inavyowaka mara ya kwanza.

Msalimie Imani. Mwambie shangazi anakuja na ndizi mbivu za Matombo.

Wako,
Rehema