Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyepewa kuandika historia ya parokia

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nyumbani wote wazima, mbuzi nao wameshapona.

Rasimu ya kitabu cha jubilei uliyonitumia kwa WhatsApp nimeisoma yote, hadi ukurasa wa kuwashukuru wafadhili. Kiswahili chako kimenyooka na tarehe umezipanga vizuri. Lakini nina neno, na nimeona nilisemee hapa hadharani badala ya kukupigia simu, kwa sababu vijitabu vya namna hii vinaandikwa kila mwaka katika parokia za Dodoma, Kondoa na Singida, na vinafanana mno. Padre alifika. Padre akahama, akaja mwingine. Katikati zinawekwa picha za maparoko kwa mfuatano, mwishoni bajeti ya jengo jipya. Waumini wanaonekana katika picha moja tu, wamepangwa kwenye ngazi za kanisa, na chini yake pameandikwa "baadhi ya waamini". Baadhi ya waamini! Yule wa tatu kutoka kushoto ndiye aliyetoa shamba.

Ukiniuliza mimi, ulichoandika ni orodha ya uhamisho wa mapadre, na orodha hiyo ipo tayari ofisini kwa askofu.

Tuanze na hiyo 50 iliyo kwenye bango. Miaka 50 ni tangu hati ya kutufanya parokia iliposainiwa. Kabla ya hapo tulikuwa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia nyingine na lisilo na padre wake, na kigango hicho kilizika wazee, kikafundisha watoto kusoma na kupeleka watu kwenye ubatizo muda mrefu kabla ya padre yeyote kulala hapa usiku mmoja. Kitabu kikianzia kwenye hati, unawafuta wote hao kwa kalamu moja. Na hao wengi wao ni babu na bibi za hao hao watakaokinunua.

Mimi ningeanza na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutokea Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Bila reli, kijiji chetu kisingekuwa hapa kilipo. Watu walisogea kando yake kwa ajili ya kibarua, maduka na maji ya stesheni. Kile chuma kinachoning'inia kwenye mkwaju nyuma ya sakristia, ambacho mpaka leo kinagongwa kwa nati kubwa saa kumi na mbili asubuhi, ni kipande cha reli. Ukikisogelea utaona matundu mawili ya boliti yaliyolika kwa kutu, na upande mmoja umeng'aa kwa kugongwa. Kengele ya shaba tuliletewa baadaye na imekaa juu mnarani, lakini wakati wa msiba watu wanasikiliza chuma. Kipige picha. Ni kikongwe kuliko kitu chochote tulicho nacho kanisani.

Halafu sema ukweli kwamba sisi Wakatoliki hatukuwa wa kwanza huku. Waanglikana wa CMS, shirika la kimisionari la Uingereza, walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na baadaye Mvumi, ndiyo maana hadi leo nusu ya ukoo wetu ni Waanglikana na kila harusi tunakaa kikao cha kuamua ifungiwe kanisa lipi. Wamisionari wetu wa Roho Mtakatifu waliweka makao Bagamoyo mwaka 1868, lakini Ugogo ulikuwa mbali, mkavu, na uko pembeni ya kila eneo la kimisionari. Ilipofika tarehe 28 Januari 1935 ndipo Roma ikaitenga Prefektura ya Kitume ya Dodoma, yaani eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo, kwa kumega sehemu za majirani, ikakabidhiwa kwa shirika la watawa la Wapasionisti wa Italia.

Hapo usipite haraka, kwa sababu Wapasionisti wameacha alama ambazo vijana wetu wanaziona kila siku bila kujua zilikotoka. Kanisa Kuu la Dodoma ni la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Watoto wa katekisimu wote wanaamini ni yule Paulo aliyewaandikia Wakorintho. Huyu ni Mwitaliano, mzaliwa wa Ovada mwaka 1694, aliyefariki Roma mwaka 1775, na ndiye aliyeanzisha shirika hilo. Masista wetu wa Mtakatifu Gemma Galgani nao vivyo hivyo. Gemma alikuwa msichana wa Lucca, aliishi karibu na Wapasionisti kiroho, akafariki mwaka 1903 akiwa na miaka 25, akatangazwa mtakatifu mwaka 1940. Jina lake likavuka bahari na kutua kwa mabinti wa Kigogo na Kirangi waliovaa shela. Hata zabibu: wazee husimulia kwamba mizabibu ya Dodoma ilianzia kwa wamisionari, na Bihawana ndiyo inayotajwa zaidi. Haishangazi. Misa haiadhimishwi bila divai ya zabibu, na kuiagiza kutoka Ulaya kila mara ni gharama. Leo kuna wakulima wanaosomesha watoto kwa zabibu ambao hawajawahi kuingia kanisani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Umeniambia ulikwenda ofisini ukakuta kitabu cha ubatizo kinaanzia namba 1 katika miaka ya 1970, ukahitimisha kwamba huko nyuma hakuna kumbukumbu. Zipo, mwanangu. Kigango hakina kitabu chake, kila anayebatizwa huandikwa katika parokia mama. Nenda huko na barua ya Paroko, uombe vitabu vya zamani. Vimeandikwa kwa Kilatini na mwandiko wa kulala, lakini usiogope, safu ni zile zile: namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi, aliyebatiza. Tafuta jina la kijiji chetu, utaliona limeandikwa kila padre kwa tahajia yake.

Kisha soma pambizoni. Huko ndiko kuna hadithi. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa viandikwe pembeni ya jina la ubatizo hata kama mtu kafungia ndoa mbali, na parokia ile lazima itume taarifa. Kwa hiyo utakuta kijana amebatizwa kwetu, pembeni pameandikwa ndoa, Kilosa. Mwingine Tanga. Hao ni waliokwenda kukata mkonge. Ukivipanga vijina hivyo utapata ramani ya vijana wa Ugogo walivyotawanyika kutafuta pesa ya kodi, na hakuna padre aliyekusudia kuichora. Angalia pia waliobatizwa katika hatari ya kufa. Kuna miaka wanafuatana ukurasa mzima, na ukilinganisha na wazee utagundua ni miaka ya njaa.

Jambo moja la tahadhari. Utakutana na watoto ambao safu ya baba iko wazi. Hao wengine wako hai na ni wazee wa heshima, wanakaa mbele kabisa kanisani. Usipige picha kurasa hizo, wala usizitaje.

Njaa isikose kitabuni. Mtunya, ile njaa kuu ya mwaka 1918 hadi 1920, haikuwa ukame peke yake. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa, Wajerumani kisha Waingereza wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua ilipokosekana watu hawakuwa na pa kushika. Bibi zetu walihesabu umri kwa njaa hiyo. Yeyote aliyekuja baadaye kuhubiri mkate wa kila siku alihubiri kwa watu walioielewa sala hiyo kwa tumbo.

Na katekista. Katika kurasa zako zote umempa sentensi moja, "walisaidiwa na makatekista". Mpwa wangu, ni padre ndiye aliyemsaidia katekista! Padre alikuja kwa pikipiki mara chache kwa mwaka, akaungamisha, akaadhimisha Misa, akala kuku, akaondoka. Siku nyingine zote alikuwapo mzee mmoja na baiskeli yake. Ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili bila padre, aliyefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, chini ya mbuyu na wakati huo huo kuwafundisha kusoma, aliyepatanisha wenye ugomvi wa mashamba, aliyezika. Alilipwa kidogo mno, mara nyingi kwa debe la mtama wakati wa mavuno. Mkewe alilima peke yake ili yeye azunguke. Yule mama yuko hai na akili yake ni timamu, na yeye ndiye utakayemhoji wa kwanza kuliko mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, ambaye kahamia hapa juzi.

Muulize kuhusu Operesheni Dodoma. Baada ya ukame, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali iliwakusanya Wagogo kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kufyatua matofali na wanakijiji. Kwa Kanisa maana yake ilikuwa hivi: vigango viliachwa porini. Kanisa la tembe lililojengwa kwa jasho likabaki na popo, kwa kuwa waumini wote wako kilomita kadhaa kutoka pale, kwenye mistari ya nyumba mpya. Lakini watu waliokusanywa pamoja ndio waliowezesha parokia. Ungewezaje kuweka paroko mahali ambapo boma hadi boma ni mwendo wa saa nzima? Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu hasa hati yetu ilikuja miaka ile, na haimo katika rasimu yako.

Shule nayo uieleze. Vijana wanauliza kwa nini shule ya msingi ya serikali iko ndani ya uwanja wa kanisa. Ilikuwa ya misheni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaiweka mikononi mwa serikali, pamoja na nyingi nchini. Wapo mapadre waliosikitika. Wazazi wengi hawakusikitika, na hilo pia liandikwe.

Jengo lenyewe lilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na tofali linataka maji. Dodoma! Wanaume walifyatua na kupanga tanuru, wakapigwa picha na Baba Askofu. Maji yalitoka korongoni, yanafukuliwa kwenye mchanga, unasubiri yajikusanye ndani ya shimo, unachota kwa kibuyu mpaka ndoo ijae, unapandisha kichwani. Dada yangu, mama yako, alibeba maji hayo akiwa na ujauzito wako. Muulize atakuambia ni akina nani walikuwa naye, kwa majina na kwa wimbo waliokuwa wakiimba njiani.

Ya liturujia nitakusimulia mwenyewe. Nilikuwa mtumishi wa altare nikiwa mdogo, namjibu padre Kilatini nisichokielewa, yeye akitupa mgongo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa mwaka 1965, altare iligeuzwa na Misa ikaja kwa Kiswahili. Ngoma zilichelewa zaidi. Siku akina mama walipoingia na muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja kama zinavyopigwa kwenye sherehe, wazee fulani walitoka nje, na mmoja wao hakuja mwezi mzima. Alirudi kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa mpigaji mkuu.

Mambo ya jimbo yapitie kwa kifupi, yako kila mahali: jimbo mwaka 1953, Singida kutengwa mwaka 1972 na Askofu Mathias Isuja kushika Dodoma mwaka huo huo hadi 2005, Kondoa kuwa jimbo 2011, Jimbo Kuu tarehe 6 Novemba 2014 chini ya Askofu Mkuu Beatus Kinyaiya. Inatosha.

Kuhusu hawa wageni waliohamia Dodoma, uwe mpole. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, ila watu walikuja kweli kweli baada ya 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Ndiyo maana Misa ya pili watu wanasimama chini ya mwarobaini na maegesho yamejaa magari ya watu wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Wanasali, wanatoa zaka, na jengo jipya litajengwa kwa pesa zao zaidi kuliko zetu, tusidanganyane. Wengi wanapenda kujua walikofikia. Wape sura yao ya mwisho, fupi, na waache wenyewe waandike walivyopokewa, hata kama mengine hayatupendezi.

Sasa ratiba. Mjane wa katekista umwone kabla mvua hazijaanza, kwa sababu zikianza anahamia shambani kwa mwanawe na njia ile haipitiki. Nenda asubuhi, na sukari na kanga, umsalimie kwa Kigogo hata kama chako kibovu. Simu iweke mezani ikirekodi, umwambie kwamba inarekodi, na usimkatize akianza na habari za ng'ombe. Barua ya kwenda parokia mama nimeshamwomba Paroko, iko tayari kwa katibu. Kwenye kikao cha Jumamosi nitakuwapo, na nitaomba kamati ipunguze kurasa za picha za maparoko ziwe mbili. Wakikataa, tutauza kuku wangu wawili tulipie kurasa za nyongeza.

Mjomba wako