Vilima vitano kwenye karatasi ya majibu: kipimo cha kutenganisha protini za damu

Wateja wanaofika kwenye maabara yetu na barua ya daktari inayoomba elektroforesi ya protini, yaani kutenganisha protini za damu kwa umeme, huuliza maswali mawili kabla hata hawajaketi: mbona majibu hayatoki siku hiyohiyo kama ya sukari au malaria, na je, daktari anashuku saratani? Swali la kwanza ni jepesi. La pili jibu lake ni kwamba huenda, lakini si lazima, na jibu hilo halimfai mtu mpaka ajue ni nini hasa tunachokitenganisha kutoka kwenye ile chupa ndogo ya damu.

Damu ikiachwa igande, kisha ikazungushwa kwa kasi kwenye mashine, chembechembe hushuka chini na juu hubaki majimaji ya manjano hafifu yanayoitwa seramu. Katika kila lita ya seramu ya mtu mzima mwenye afya mna takriban gramu 60 hadi 80 za protini. Zaidi ya nusu yake ni albumini, ambayo hutengenezwa na ini. Zilizosalia ni globulini za aina nyingi, na miongoni mwake zimo kingamwili. Kipimo cha kawaida cha jumla ya protini hutoa nambari moja tu, na nambari hiyo yaweza kuficha mengi, kwa kuwa albumini ikishuka na kingamwili zikapanda kwa kiasi kilekile, jumla itaonekana haina neno.

Ili kuzitenganisha, tone la seramu huwekwa kwenye ukanda wa jeli ya agarosi iliyoloweshwa kwa mmumunyo wenye pH ya 8.6 hivi, kisha umeme hupitishwa. Katika hali hiyo protini karibu zote hubeba chaji hasi na kuvutwa kuelekea upande wa chanya, kila moja kwa mwendo wake kulingana na chaji na ukubwa wake. Albumini hutangulia. Hufuatiwa na makundi ya globulini yaitwayo alfa-1, alfa-2 na beta, na mkiani hubaki gama, ambayo haiendi mbali na pale tone lilipowekwa. Jeli hukaushwa, hutiwa rangi, huoshwa na kusomwa na skana inayochora vilima vitano: kimoja kirefu na chembamba cha albumini, na vinne vifupi. Umeme wenyewe kwa kawaida hauchukui hata saa nzima. Siku zinapotea kwa kusubiri sampuli za kutosha, maana jeli moja hubeba kadhaa kwa pamoja na ile ya udhibiti, na si haki kumtoza mteja mmoja gharama ya jeli nzima.

Majina ya vilima hivyo tumeyarithi kwa Arne Tiselius wa Uswidi, aliyetangaza chombo chake cha kutenganisha protini kwa umeme mwaka 1937 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1948. Mwaka 1939, yeye na Elvin Kabat wa Marekani walichukua seramu ya sungura aliyekuwa amechanjwa kwa protini ya yai, wakaichanganya na protini ileile ili kingamwili zishikamane nayo na kutuama, wakaondoa mashapo hayo na kupima upya. Kilima cha gama kilikuwa kimepungua sana, vingine vimebaki karibu vilevile. Tangu hapo ikajulikana kwamba kingamwili nyingi hukaa gama, na ndiyo maana daktari hutazama zaidi mwisho ule wa mchoro.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, iliyojengwa kwa minyororo miwili mizito na miwili myepesi. Ncha za mikono yake hushika kitu kimoja mahususi, kama kipande cha kirusi au cha bakteria, na mkia wake huziita chembe nyingine za kinga zije kukimaliza. Hutengenezwa na chembe za plasma, nyingi zikiwa kwenye uboho wa mifupa. Ziko aina tano, na iliyo nyingi zaidi katika damu ni IgG, ambayo ndiyo pekee inayovuka kondo la nyuma kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kingamwili hizo za mama hupungua polepole baada ya mtoto kuzaliwa. Zikiwa bado nyingi huweza kuizima chanjo ya surua, na hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo hiyo kutolewa hapa Kenya kwa kawaida katika miezi 9, kisha 18.

Sasa turudi kwenye mchoro. Mtu mwenye maambukizi ya muda mrefu, iwe ni virusi vya UKIMWI, kifua kikuu au kala-azar ya kule Baringo na Turkana, huwa na chembe za plasma za koo nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kila ukoo ukitoa kingamwili yake. Kilima cha gama huinuka kikiwa kipana na cha mviringo. Ugonjwa sugu wa ini nao huinua gama vivyo hivyo, mara nyingi ukifukia bonde lililo kati ya beta na gama huku albumini ikishuka. Lakini ukoo mmoja ukizaana kupita kiasi, kingamwili yake yote huwa ya aina moja na husimama mahali pamoja kwenye jeli, nao mchoro hutoa mwiba mwembamba badala ya kilima. Mwiba huo ndio unaomfanya daktari afikirie mieloma, saratani ya chembe za plasma ambayo huweza kujitokeza kama maumivu ya mgongo yasiyoisha, upungufu wa damu au figo kudhoofika. Hata hivyo, baadhi ya watu wenye umri mkubwa huwa na mwiba mdogo usio na madhara, unaohitaji kufuatiliwa tu. Aidha, mieloma nyingine hutoa minyororo myepesi pekee na huenda isionekane kwenye seramu, hivyo daktari akiagiza mkojo pia, tafadhali ulete.

Jambo ambalo mchoro hauwezi kusema ni kingamwili zile zinapigana na nini. Hapo ndipo wateja wetu hukwazika, kwa kuwa mtaani tumezoea kipimo kinachotaja ugonjwa kwa jina. Nasi, kusema kweli, tuna mashaka na mazoea hayo: kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, kinachoombwa kila kona ya Nairobi, hutafuta kingamwili, na kingamwili huweza kubaki baada ya ugonjwa kuisha au kutokana na maambukizi mengine. Ukuzaji wa bakteria kutoka kwenye damu ni ushahidi bora zaidi.

Kliniki zinazotutumia sampuli kwa bodaboda tunaziomba zitumie chupa ya kifuniko chekundu au cha manjano, kamwe si ya zambarau. Damu ya chupa ya zambarau haigandi, kwa hiyo fibrinojeni, protini inayogandisha damu, hubaki ndani yake na kuchora mstari kati ya beta na gama unaofanana kabisa na mwiba wa mieloma. Damu iliyotikiswa au kuachwa juani mpaka chembe nyekundu zikapasuka hutuharibia alfa-2 na beta. Sampuli za namna hiyo huwa tunazirudisha, hata mteja akikasirika.

Tukikuta mwiba, tunashauri immunofiksesheni, ambayo hutumia seramu maalumu kutambua kama ni IgG, IgA au IgM, na mnyororo wake mwepesi ni kapa au lamda. Baada ya hapo kinachofuatiliwa ni kimo cha mwiba huo kadiri miezi inavyopita, na kwa sababu mashine na rangi hutofautiana, vipimo vya kulinganisha ni vyema vifanyiwe maabara ileile, iwe ni yetu au ya kwingine.