Mpwa wangu, ilete ndege yako Rufiji

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, marahaba. Mswada wako nao umefika. Nimeusoma mpaka mwisho, na kurasa nyingine nimezirudia. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wako vijana wengine wanaohangaika na jambo hilihili, na nisingependa maneno haya yaishie kwako peke yako.

Kwanza nikupe hongera ya dhati. Kukaa chini na kumwandikia mtoto wa miaka kumi na mitatu riwaya ndefu ya Kiswahili, yenye kukimbizana, majasusi, mateka na marubani wa zama za kwanza kabisa, ni kazi tunayoihitaji sana. Mtoto apate kitabu cha kumfanya aitwe chakulani mara tatu asisikie. Nawe unajua kusimulia. Pale kijana wako aliponing'inia kwenye bawa huku maadui wakimsubiri chini, nilisoma roho juu.

Lakini ndege yako haiharibiki, mpwa wangu. Inaruka kwenye mvua, inaruka kwenye jua, inatua popote, na shujaa anashuka na upanga wake kiunoni kana kwamba ametoka matembezini. Miaka ile haikuwa hivyo. Orville Wright aliporuka mara ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903, alikaa hewani sekunde 12 na kwenda kama mita 36 tu. Louis Blériot alipovuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza, Julai 1909, ilikuwa habari ya dunia nzima. Vita Kuu ya Kwanza ilianza miaka mitano tu baadaye. Aliyepanda ndege mwaka 1914 alikuwa anapanda mbao, nyaya na kitambaa, huku akiisikiliza injini kila dakika asikie kama inataka kuzima. Ukimficha msomaji udhaifu huo, umemnyima shujaa wako ushujaa wenyewe, maana mtu hahitaji moyo kupanda kitu kisichoanguka.

Jingine ni mahali. Umeiweka hadithi yote Ulaya. Sikukatazi, anga ni la watu wote. Ila nakuomba, kabla hujaendelea, ukisikie kisa hiki kilichotokea kwetu, kwenye matope ya Delta ya Rufiji na visiwa vya Mafia, kati ya 1914 na 1915. Kina kila ulichokuwa unakitafuta.

Kulikuwa na manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, nahodha wake Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, ikiwa imetia nanga mitambo yake ikitengenezwa, ikaizamisha. Kisha ikatoweka. Waingereza wakaitafuta pwani nzima hadi mwisho wa Oktoba, ndipo wakagundua kwamba imejificha ndani ya Rufiji, katikati ya mikoko. Mitambo yake ilikuwa imeharibika, na ilibidi vipuri vikubwa vya chuma viburutwe nchi kavu kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwe huko, kisha virudishwe delta vilevile kwa nguvu za watu. Hebu fikiria sura hiyo tu: kamba begani, chuma nyuma, msimamizi pembeni, na kijana mmoja kwenye msafara anayejiuliza kitu hiki ni cha nini.

Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji hayakutosha. Wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, kwenye mlango mmoja wa mto ili kuuziba. Lakini wewe unaijua delta, ina milango mingi. Na kutoka baharini huoni kitu ila ukuta wa mikoko. Njia iliyobaki ya kuiona Königsberg ilikuwa kupita juu yake.

Hapo ndipo ndege zinapoingia, na hapo ndipo nataka utulie uandike bila haraka.

Rubani wa kwanza hakuwa hata mwanajeshi. Dennis Cutler alikuwa Afrika Kusini akiwaonyesha watu ndege kwa kiingilio, na ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Waingereza wakamchukua kutoka Durban yeye na ndege yake, wakamleta hadi kisiwa kidogo cha Nyororo, jirani na Mafia. Mara ya kwanza aliporuka, Novemba 1914, alipotea, akatua kwenye kisiwa kingine. Rejeta, ile ya kupoza injini, ikaharibika. Vipuri vya ndege ungevipata wapi huku mwaka 1914? Ikatafutwa rejeta ya gari la Ford huko Mombasa, ikaletwa kwa meli, ikafungwa kwenye ndege. Kwa rejeta hiyo ya gari Cutler akaruka tena, akaiona Königsberg kwa macho yake. Desemba injini ikamzimikia, akashuka ndani ya delta na kutekwa na Wajerumani. Wenzake wakaingia na boti kwenye risasi, wakaifunga ndege kamba na kuivuta mpaka baharini, lakini yeye akabaki mateka. Mpwa wangu, hapo kuna nini cha kuongeza? Una kisiwa, kipuri cha kuazima, ndege moja pwani nzima, mateka na boti chini ya risasi.

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith. Hizi nazo zilishindwa, na sababu za kushindwa kwake ni tamu kuliko vita. Joto la kwetu lililainisha gundi iliyoshika mbao. Propela zikapasuka. Ndege ikibeba watu wawili au bomu, inakimbia juu ya maji, inapiga mawimbi, hainyanyuki. Injini zake zilikuwa za aina ya Gnome, ambazo injini nzima huzunguka pamoja na propela, na zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Mafuta hayo yalimrukia rubani usoni na moshi wake aliuvuta safari nzima. Mtie msomaji wako harufu hiyo puani. Mwonyeshe fundi amepiga magoti mchangani, ameshika kipande cha propela iliyobanduka tabaka kwa tabaka, anakigeuza, hajui aanzie wapi. Ukurasa wa namna hiyo utamkaa mtoto kichwani muda mrefu kuliko mapigano ya panga.

Wakati huohuo alikuwapo mpelelezi, P. J. Pretorius, mwindaji wa kizungu aliyekuwa akiifahamu Rufiji. Kazi yake ilikuwa kuingia delta kwa siri, kujua meli iko wapi hasa, na kupima kina cha mikondo. Alizunguka kwa mtumbwi usiku. Sasa jiulize, nani alikuwa ameshika upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi? Nani aliyejua mkondo upi unapitika maji yakijaa, na upi hukauka maji yakipwa ukabaki tope la kukufika kiunoni? Nani aliyejua tofauti ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo? Mzungu asingeweza kujifunza hayo kwa usiku mmoja. Vitabu vinavyosimulia habari hii vimejaa majina: Looff, Cutler, Pretorius, Cull, Arnold. Wenye upondo hawana majina humo.

Huyo ndiye shujaa ninayekuomba umwandike. Kwa sababu historia haikumtaja, una uhuru wa kumpa jina, nyumba, mama na kiburi, wala hutamsingizia mtu yeyote.

Na tafadhali usimfanye mtumishi mwaminifu wa upande wowote. Piga hesabu ya umri wake. Kama ana miaka kumi na minne mwaka 1915, basi alizaliwa 1901, na alikuwa mtoto mdogo Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Vilianzia hukohuko, kwenye vilima vya Matumbi, na Kinjikitile Ngwale mwenye maji alikuwa Ngarambe, si mbali na delta. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Kijana huyo amekua anasikia hayo kwa bibi yake. Leo anawaona Wajerumani walewale wamejificha kwenye mikoko ya kwao, na Waingereza wanawatafuta kwa mashine inayoruka. Anamwombea nani ushindi? Nadhani hamwombei yeyote. Anaweza kumpenda fundi mmoja wa ndege, akamchukia ofisa mmoja, akaitamani ile ndege mpaka akakosa usingizi, na bado akajua kwamba vita hivi si vyake. Vijana wana akili za kubeba jambo zito kama hilo. Wanachoka na vitabu vinavyowaamulia.

Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na baadaye wakasafisha uwanja huko kwa ajili ya ndege za nchi kavu, za Caudron na Henri Farman, zilizofika Juni. Zikavutwa pia kutoka Malta manowari mbili fupi, Severn na Mersey, ambazo awali zilikuwa zimeundwa ziuzwe Brazili, zitumike mitoni. Hizo zingeweza kuelea kwenye maji ya kimo cha mtu. Mpango ulikuwa hivi: manowari ziingie mtoni zipige mizinga bila kuiona Königsberg, na ndege ikae juu, imtumie mpigaji habari kwa simu ya upepo, yaani redio ya kubonyeza alama, kila kombora lilipoangukia. Mbali mno, mbele kidogo, kushoto, limepata. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule walikuwa karibu kulibuni wenyewe, juu ya mto wetu.

Wajerumani nao walikuwa na macho yao, juu ya mti. Mwangalizi alikaa kwenye jukwaa matawini akiiongoza mizinga ya Königsberg. Shindano la Julai 1915, kwa hiyo, lilikuwa kati ya mtu aliye angani na mtu aliye mtini, na wote wawili walikuwa wanamtazama mtu wa tatu ambaye hawakumjali, aliyekuwa kwenye mtumbwi chini.

Tarehe 6 Julai walipigana kutwa, Waingereza wakatoka bila kumaliza kazi, na Mersey ikiwa imepigwa. Wakarudi tarehe 11. Mchana huo juu alikuwa rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold, kwenye ndege ya Farman, ambayo propela yake iko nyuma, watu wawili wamekaa mbele kabisa pasipo kitu mbele yao ila upepo. Makombora ya Severn yakaanza kuifikia Königsberg. Ya Wajerumani nayo yakaifikia ndege. Injini ikavunjika. Arnold akatuma habari kwamba wamepigwa na kwamba boti iletwe. Halafu, Cull akiishusha ndege isiyo na injini, Arnold akaendelea kubonyeza. Alituma marekebisho ya shabaha huku wanaanguka, na makombora yakasogea yakaangukia meli barabara. Ndege ikapiga maji karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold akarushwa nje. Cull akabaki chini ya maji, amefungwa na mkanda wake, akajinasua mwenyewe. Boti ya Mersey ikawaokota wote wawili wakiwa hai. Mchana huo Looff akailipua meli yake mwenyewe.

Usibadilishe aliyewaokota. Boti ni ya Mersey, iache hivyo, kwa sababu mtoto makini atakuja kutafuta ukweli, na akikukuta umesema uongo hapo hatakuamini kwingine. Lakini kijana wako anaweza kuwa karibu, amejibanza mikokoni na upondo wake, akiona kitambaa cha bawa kinajaa maji. Ninachotaka kujua mimi kama msomaji ni afanye nini dakika ile, maana makombora bado yanaruka na nyumbani kwao kuna moshi. Sura hiyo sina jibu lake, ni yako.

Usikomee hapo pia. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi kwenye meli iliyolala, wakaiburuta hadi Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu, ikapigana nchi kavu. Kamba begani tena. Na ukipata nguvu ya kitabu cha pili, kuna ile meli ya angani ya Kijerumani, Zeppelin L 59, iliyoondoka Bulgaria Novemba 1917 ikiwaletea Wajerumani wa huku dawa na risasi. Haikukusudiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo. Ikageuzwa njia ikiwa juu ya Sudan, ikarudi baada ya saa 95 hewani bila kutua. Hiyo iache kwanza.

Kazi ya sasa ni hii. Nenda Mombasa, ingia Fort Jesus, utakuta mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus vyote viko hapo. Shika chuma, pima kwa mikono yako, uwaze uzito wake ukiburutwa kwenye mchanga. Halafu uende Rufiji yenyewe, ukae na wazee wa delta, uwaulize majina ya mikondo na namna ya kupiga upondo kwenye tope, uandike kila neno kama wanavyolitamka. Ukirudi, usianze na vita. Anza na Nyororo na ile rejeta ya gari, unitumie sura hiyo hata kama haijakamilika. Nauli ya Mombasa nitachangia.

Mama yako msalimie sana.

Mjomba wako