Bei ya hisa bila tarehe yake ni nusu ya habari

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa biashara wa gazeti lako huwa na jedwali dogo la bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, na mimi ni miongoni mwa wasomaji wachache wanaoanzia hapo kabla ya kwenda kwenye michezo na siasa. Naandika kuomba jedwali hilo liongezewe safu mbili: tarehe ambayo hisa za kampuni husika ziliuzwa mara ya mwisho, na idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Kwa kampuni kubwa za bia, saruji na benki zinazojulikana nchi nzima safu hizo hazitamwongezea msomaji mengi. Ombi langu linahusu kampuni ndogo, zile ambazo bei yake mnaichapisha bila kubadilika tangu masika hadi vuli, kwa kuwa humo ndimo walimo wanahisa wengi wa kipato changu.

Mwaka jana nilihitaji fedha za ada ya chuo ya mjukuu wangu, nikaamua kuuza hisa 4,000 za kampuni moja ndogo, ambayo sitaitaja kwa sababu sina ugomvi nayo unaohitaji kufika gazetini. Jedwali lenu lilionyesha shilingi 500 kwa hisa, bei ileile niliyonunulia. Nilipiga hesabu ya shilingi milioni mbili, nikatoa kamisheni ya dalali, nikampigia binti yangu simu nikamwambia alale usingizi. Kesho yake nilipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, maana ni mtu wa zamani na napenda kuongea na dalali wangu uso kwa uso. Kijana yule, baada ya shikamoo na maji ya kunywa, aligeuza kioo cha kompyuta yake ili nione mwenyewe. Upande wa wauzaji zilipangwa oda kumi na moja, ya kwanza ikiwa imekaa miezi mitano. Upande wa wanunuzi palikuwa peupe, hapana hata mstari mmoja. Akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, bei ipo, mnunuzi ndiye hayupo."

Oda yangu ikawa ya kumi na mbili. Baada ya wiki sita za kupiga simu nilishusha bei hadi shilingi 480, jambo lililonivusha mbele ya wote walionitangulia kwenye foleni kwa bei ya 500, na wiki ya tisa akapatikana mtu wa kununua hisa 300. Hiyo ni shilingi 144,000 kabla ya makato. Ada ya mjukuu ilitoka kwenye mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, ambao naulipia riba hadi leo huku hisa zangu 3,700 zikiwa zimelala kwenye akaunti. Siku hizi kuna programu ya Hisa Kiganjani inayomwezesha mtu kuweka oda kwa simu akiwa shambani, nami naisifu kwa kuniokolea nauli, lakini mnunuzi asiyekuwepo ofisini kwa dalali hayupo kwenye simu pia.

Wataalamu huita hali hii ukosefu wa ukwasi, na sababu zake kwa kampuni ndogo hazihitaji shahada kuzielewa. Hisa zenyewe ni chache; sehemu kubwa inashikiliwa na waanzilishi au taasisi mama, ambao hawakuingia ili watoke; mifuko ya pensheni na wawekezaji wakubwa hawajisumbui na kampuni ambayo hawawezi kununua kiasi cha maana bila kuitikisa bei. Tunaobaki ni sisi wa hisa mia tano au elfu tano, na sisi tuna tabia moja: tunanunua siku moja wakati wa mauzo ya awali, kampuni inapouza hisa kwa umma mara ya kwanza, na tunataka kuuza siku moja kunapokuwa na habari mbaya. Ndiyo maana bei iliyosimama miezi minane hutupumbaza. Mstaafu mwenzangu wa hapa Kihonda aliwahi kunionyesha jedwali lenu akisema kampuni yetu ni imara kwa kuwa haiyumbi kama zile kubwa. Haiyumbi kwa sababu hakuna aliyeigusa.

Soko letu lilianza biashara Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu ya gesi za viwandani, Tanzania Oxygen, na kwa miaka mingi lilikuwa uwanja wa kampuni zilizobinafsishwa. Mwaka 2013 lilifunguliwa dirisha la kukuza ujasiriamali kwa ajili ya kampuni ndogo na changa, Maendeleo Bank ikawa ya kwanza kuingia mwaka huohuo. Zikafuata Swala Oil and Gas na benki ya Mkombozi mwaka 2014, Mwalimu Commercial Bank mwaka 2015, na Yetu Microfinance mwaka 2016. Katika dirisha hili kampuni haihitaji kuwa na historia ya faida. Inatakiwa kuwa na mpango wa biashara na mshauri mteule wa kuisimamia katika kufuata kanuni. Sipingi utaratibu huo. Mfanyabiashara mdogo akinyimwa mtaji wa hisa anabaki na mkopo wa benki na riba yake, na wengi wetu tunajua mwisho wa safari hiyo. Lakini kila sharti lililolegezwa kwa kampuni ni kazi iliyoongezwa kwa mnunuzi, na mnunuzi wa dirisha hili si mchambuzi wa hesabu. Benki mbili kati ya hizo zilitokana na makanisa, moja na chama cha walimu. Watu wengi walinunua kwa kuwa zilitangazwa na watu wanaowaamini, mahali wanapokutana nao kila wiki. Swala, kwa upande wake, iliuza hisa kwa shilingi 500 ili kutafuta mafuta na gesi, kazi ambayo thamani yake yote hutegemea visima ambavyo bado havijachimbwa. Sidhani kama jirani yangu aliyenunua hisa hizo pamoja na za benki, kwa bei ileile ya shilingi 500, alidhani ananunua vitu viwili vya hatari tofauti kabisa.

Tarehe 12 Desemba 2022 Benki Kuu ya Tanzania iliiweka Yetu Microfinance chini ya usimamizi wake kwa sababu ya upungufu mkubwa wa ukwasi, ambao kwa benki maana yake ni fedha za kuwalipa wenye amana, ikaisimamisha bodi na menejimenti, na huduma zikasitishwa kwa siku 90. Nilikuwa mjini siku chache baadaye, nikawasikia watu wakibishana kwenye daladala kuhusu nani atalipwa. Jibu kwa mwenye amana liko wazi kisheria, kwa kuwa kuna Bodi ya Bima ya Amana inayomlipa hadi kiwango kilichowekwa benki ikifungwa. Mwenye hisa hana bodi kama hiyo. Kampuni ikifilisiwa, anatanguliwa na mfilisi mwenyewe kwa gharama zake, wafanyakazi, mamlaka ya kodi, waliokopesha kwa dhamana na wadai wengine wote, na kinachosalia, kama kipo, ndicho hugawanywa kwa wanahisa. Nimekutana na watu waliokuwa na akaunti na hisa katika benki moja ndogo wakiamini vitu hivyo viwili vinalindwa sawasawa. Kosa si lao peke yao. Karani aliyewafungulia akaunti ndiye aliyewauzia hisa, kwenye meza ileile.

Majirani zetu wa Kenya wamepitia hayo kabla yetu. Home Afrika ilikuwa ya kwanza kuingia kwenye dirisha la kampuni ndogo la Nairobi, mwaka 2013, kwa shilingi 12 za Kenya, na miaka michache baadaye hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi moja. Deacons, kampuni ya maduka ya nguo, iliorodheshwa mwaka 2016 huku biashara yake ikiegemea majina ya wenye chapa wa nje. Mwaka 2018 Mr Price ya Afrika Kusini ikayachukua maduka yenye jina lake kuyaendesha yenyewe, na kufikia Novemba mwaka huo Deacons ilikuwa imewekwa chini ya wasimamizi. Kampuni kubwa ikipoteza mkataba mmoja inapata robo mwaka mbaya. Ndogo inaweza kuwa imepoteza duka.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye bei hata bei ikiwa ya kweli. Benki ndogo hulazimika kuongeza mtaji ili kukidhi kiwango cha Benki Kuu, na hilo si tishio la kinadharia: Januari 2018 benki tano ndogo zilifungwa kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji. Njia ya kawaida ni kuuza hisa mpya, kwanza kwa wanahisa waliopo. Chukua kampuni yenye hisa milioni 10, ambamo mtu ana hisa 10,000, yaani moja katika kila elfu. Zikitolewa hisa mpya milioni 10 naye akashindwa kununua fungu lake kwa sababu tangazo limekuja mwezi wa kufungua shule, anabaki na hisa zilezile 10,000, lakini sasa ni moja katika kila elfu mbili, na gawio lolote litakalokuja litakatwa kwa uwiano huo. Jedwali litaendelea kuonyesha bei yake kama kawaida.

Mtu ataniambia kwamba mwanahisa ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Niliuliza. Katika taarifa ya hesabu ya kampuni yangu, ambayo ilifika mikononi mwetu siku mbili kabla ya mkutano, kurasa za mwisho kabisa, kwa herufi ndogo ambazo nilizisoma kwa kuazima miwani ya mke wangu, maelezo namba 27 yalisema kuwa jengo la makao makuu limepangishwa na kampuni inayomilikiwa na mjumbe mmoja wa bodi. Kiasi cha kodi kilitajwa. Utaratibu wa kukipanga haukutajwa. Nilisimama ukumbini nikauliza nani aliidhinisha kodi hiyo, na kama mjumbe huyo alitoka nje wakati wa kupiga kura. Mwenyekiti alinishukuru kwa swali zuri, akasema litajibiwa kwa maandishi, kisha ajenda ya chakula cha mchana ikapita bila pingamizi. Barua sijaiona hadi leo. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawapa wanahisa haki ya kudai mkutano maalumu, lakini wenye kudai wafikishe angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa, na hata tukikusanyana wastaafu wote wa Morogoro na vikoba vyetu hatufiki huko. Katika kampuni kubwa swali langu lingeulizwa na mfuko wa pensheni, na lingejibiwa siku hiyohiyo.

Nakiri kwamba kampuni ndogo zilizoorodheshwa zina faida zake, na sitaki barua hii isomwe kama wito wa kuzikimbia. Hesabu zake hukaguliwa na kutangazwa, jambo ambalo ndugu zangu waliopeleka fedha kwenye miradi ya kupanda pesa hawakuwahi kulipata. Gawio lake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 badala ya asilimia 10 inayokatwa kwa kampuni zisizo sokoni. Mwenye subira na asiyeihitaji fedha hiyo kwa miaka kumi anaweza kufanya vizuri. Lakini ili ajue kwamba anahitaji miaka kumi, lazima kwanza aone ni mara ngapi mlango wa kutokea hufunguka, na hilo ndilo jambo ambalo safu ninazoziomba zitamwonyesha kwa kutupa jicho mara moja. Takwimu zenyewe zimo katika taarifa za mauzo ambazo Soko la Hisa hutoa kila siku ya biashara. Kazi iliyobaki ni ya mpangaji wa kurasa. Kama nafasi ni finyu, tangazo la pikipiki lililo pembeni linaweza kusogea kidogo.

Najua wapo watakaosema kuwa kuchapisha tarehe za zamani kutawatisha wanunuzi na kuzidi kuziua kampuni hizo ndogo. Huenda wachache watatishika. Mimi nauliza ni nani anayefaidika na mnunuzi asiyejua, na mara zote nilipojaribu kujibu swali hilo nilijikuta namfikiria mtu anayetaka kutoka kwa mgongo wa mwingine, jambo ambalo mimi mwenyewe, nikiwa na hisa 3,700 za kuuza, nina kila sababu ya kulitamani.

Tangu mwaka jana jedwali lenu limekuwa likiionyesha kampuni yangu kwa shilingi 480. Nimemuuliza dalali wangu wiki iliyopita, akanithibitishia kuwa hakujafanyika mauzo mengine. Kwa hiyo bei ya soko mnayoichapisha kwa wasomaji wa nchi nzima ni ile niliyoipanga mimi, kwa hisa 300, nikiwa na ada ya mtoto mkononi.

Wako,
Mwanahisa mstaafu,
Kihonda, Morogoro