Somo, miguu ya kushoto imerudi

Ilala, Jumamosi usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi sana. Watoto nisalimie mmoja mmoja, na bi mkubwa mwambie dawa yake ya kuchua nimeipata, imo ndani ya mfuko pamoja na vifungo vyako. Sisi wazima, joto tu ndilo linatuua, na pangaboi la chumbani limekufa tangu Alhamisi. Haya, salamu zimekwisha. Kaa kitako.

Simu nimeacha kupiga makusudi. Kwenye simu ungecheka kabla sijafika katikati, mimi ningekasirika, na salio lingekwisha hatujaelewana. Kondakta ameahidi kukuachia mzigo stendi kesho mchana. Akiwa na haraka usimseme, mimi ndiye niliyemchelewesha.

Somo, ile miguu ya kushoto imerudi.

Najua umeshaanza. Ndiyo, miguu yako ileile ya Ngamiani, kule Tanga, uliyoikata yote ya kushoto tulipokuwa kwa Mzee Futi. Safari hii ni suruali za kaki, oda ya shule moja ya sekondari ya huku kwetu, na mkataji ni Tatu, yule binti niliyekuonyesha kwenye arusi ya Kulwa. Kalaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, uso wote juu badala ya uso kwa uso, kachora, kapiga mkasi. Na kaki unaijua, ina uso na mgongo, huwezi kuigeuza ukajifanya hukuona. Imetoka miguu ya mbele 48 na hakuna hata mmoja wa kulia. Ungedhani shule nzima inasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Hilo la kukosea lenyewe halinisumbui. Nani hajakosea kwenye ile meza? Linalonikosesha usingizi ni kwamba aliona siku ileile, kabla hata ya adhuhuri. Akaikunja yote, akaitia kwenye gunia, akalisukuma chini ya meza ya pasi, akakaa nalo kimya siku 9. Siku 9, somo! Kila asubuhi ananiambia "Shikamoo dada", naitikia marahaba, na gunia liko pale, hatua mbili kutoka nilipo. Limeonekana Jumatano, mwalimu alipofuata mzigo wake na mimi nikaanza kuhesabu suruali mbele yake, moja, mbili, tatu… nikafika ishirini na kitu, nikakwama. Zilipungua 24.

Sasa sikiliza hasara yenyewe. Ile kaki tuliinunua Mtaa wa Kongo, jora la mwisho mwisho. Angeniambia siku ile, ningepanda bodaboda nikakuta kipande kilichobaki. Nilipokwenda Alhamisi wameshafungua jora jingine, na unajua majora yasivyopatana rangi. Nimelileta nikalilaza juu ya miguu ya Tatu pale mlangoni, penye jua: mguu mmoja chai ya maziwa, mwingine chai ya rangi. Watoto wa watu wanakwenda shule na suruali za mwaka jana, zimewafika juu ya soksi, na shule zimefunguliwa tangu mwanzo wa mwezi.

Usiku ule nililala nikikukumbuka wewe. Ulipokata yako hukumaliza hata kukunja. Ulitoka chumba cha kukatia na kipande kimoja mkononi, ukaenda moja kwa moja barazani, Mzee Futi, tajiri wetu wa siku zile, anakunywa chai, ukasema, "Mzee, nimeua." Akakipokea, akakigeuza, akakipima kwenye paja lake mwenyewe, akauliza, "Mingapi?" Ukasema yote. Sisi tumekauka. Akamwambia Kibonge, "Mpe huyu chai kwanza, anatetemeka, asije akatukatia na meza." Ukanywa. Ndipo akatutuma tukate ya kulia kwa hesabu ileile, zitoke suruali mara mbili, eti nusu ya oda ya mwakani tumeshaimaliza leo. Tulicheka mpaka mtoto wa Mama Pili akaamka.

Wewe dakika tano, Tatu siku 9. Na aliyefichwa si tajiri, tajiri hukanyaga pale mara mbili kwa wiki. Aliyefichwa ni mimi.

Nimejitetea sana kichwani. Tangu wanipe usimamizi Novemba sijamtukana mtu, sijampandishia mtu sauti. Ijumaa nikamwita Tatu nje, nikamuuliza taratibu kwa nini hakuniambia. Akainama, akachezea ncha ya khanga. Halafu akasema, "Dada, pale ukutani si umeandika."

Na kweli nimeandika. Desemba kuna mtu alimwaga chai kwenye tetroni nyeupe, mita kama tatu zikaharibika, tajiri akaja juu, akasema marufuku chai ndani ya karakana. Nikachukua katoni na kalamu ya wino mzito, nikaandika: NI MARUFUKU KULA NA KUNYWA HUMU NDANI. ATAKAYEHARIBU ATALIPA. Sentensi ya kwanza ni ya tajiri. Ya pili, somo, hakuisema. Nimeiongeza mwenyewe, niliona tangazo limepwaya.

Tangu hapo kila mtu anakwenda kwa mama ntilie peke yake, kwa zamu, dakika kumi, anarudi anajifuta mdomo. Ndani unasikia cherehani na ovaloki tu. Tajiri anafurahi, anasema siku hizi karakana imetulia. Na mimi nilikuwa naitikia, tena kwa kujisifu! Nilidhani utulivu ule ni kazi yangu nzuri. Kumbe kwenye ile chai ya saa nne ndiko tulikokuwa tukiambiana kila kitu. Nani sindano yake inaruka, nani kapokea kipimo asichokielewa, nani mtoto anaumwa na hajalala. Mzee Futi hakuwa akiuliza. Alikuwa anakaa tu pale kwenye mkeka na futi shingoni, anachovya andazi, na mambo yanamfuata yenyewe.

Usinielewe vibaya, sitaki kumfanya Mzee malaika. Ile Idi aliyotupa nusu mshahara na kutuambia tusubiri nyingine, umesahau? Ulilia wewe. Na yule mpwa wake, mvivu kuliko paka wa msikitini, aligusa nini mle ndani? Mshahara wa huku unaingia tarehe 28 bila kukosa, makato ya NSSF yanapelekwa, nimeshayahakikisha. Januari hii tulipokuwa tunatoka saa mbili usiku kwa ajili ya sare, nilisimama kidete mpaka saa za ziada zikalipwa mara moja na nusu, kama inavyotakiwa zikizidi 45 kwa wiki. Watu wakapokea, wakasema ahsante, wakaondoka. Pesa ni pesa, somo, na mimi sirudi kwenye nusu mshahara hata kwa chai ya iliki. Lakini hakuna anayecheka. Sijui nisemeje. Ngamiani tulikuwa na njaa na tunawahi kazini kabla mlango haujafunguliwa. Huku wanawahi kwa sababu kuna daftari la mahudhurio.

Sasa tajiri anataka Tatu akatwe mshahara wa mwezi mzima. Nimekwenda kwa mume wa Mama Kulwa, si unajua shughuli zake za chama cha wafanyakazi, akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, akanisomea huku anakula embe. Huwezi kumkata mtu hivihivi. Lazima kosa liwe lake kweli, aandikiwe hasara ni ya nini, ni kiasi gani na imehesabiwaje, apewe nafasi ya kuipinga, na hata ikithibitika, makato yasizidi robo ya mshahara. Nikamwambia nisomee na mengine. Kumbe anayenyonyesha ana haki ya kumnyonyesha mwanawe muda wa kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unapewa mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mimi watu wangu nawapa kumi, kwa zamu! Nikamkumbuka Mama Pili, mdogo wake akimleta mtoto pale barazani kila saa nne. Mzee Futi hakuwahi kuishika sheria yoyote mkononi, ila mtoto akilia alikuwa anafoka, "Nyie, zimeni mashine hiyo, mwenye ofisi kafika."

Kwa hiyo Jumatatu saa tatu tajiri atakuja, nami nina karatasi yangu ya robo. Atanisikiliza, si mtu mbaya, anaogopa hasara tu. Lakini hata hiyo robo mkono wangu hautaki kuiandika. Kosa la kukata ni la Tatu, sawa. Siku 9 je? Bei ya zile siku 9 ni kubwa kuliko ya miguu yenyewe, na nikihesabu kwa haki, nusu ni ya aliyeandika katoni. Nikimwambia tajiri hivyo si atasema nikate mshahara wangu pia? Na pengine… haya, tuyaache.

Katoni nimelibandua leo jioni walipoondoka wote. Gundi imeng'ang'ania, limetoka na rangi, ukutani pamebaki mraba mweupe ambao unaonekana kuliko tangazo lenyewe. Nimetafuta kalenda ya kuuziba, sikupata inayoenea.

Ombi langu. Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha ile kaki. Nenda kwa yule muuza vitambaa wetu wa Ngamiani, mwombe akutolee kaki zote alizonazo, ulinganishe juani, si chini ya taa yake, unamjua. Ukipata inayofanana kata mita 6, zinatosha miguu 24 ya kulia, umpe kondakta huyuhuyu Jumatatu. Pesa nitakutumia palepale, usianze habari zako za "tutahesabiana".

La pili, ukipata nafasi pita Muheza umwone Mzee Futi. Mwambie tu nimepewa usimamizi, uone atasema nini. La gunia usimwambie. Au mwambie, sijui, utaona mwenyewe alivyoamka.

Na unijibu haya hata kwa ujumbe wa simu, kabla ya Jumatatu asubuhi. Siku ile ulipotoka na kile kipande, uliogopa? Njiani, kati ya meza na baraza, hukufikiria kukificha hata kidogo? Ungefichia wapi, mle ndani kwenye uchafu ule? Sukari ya ile chai alikuwa ananunua Mzee au tulikuwa tunachanga? Nimejaribu kukumbuka nimeshindwa, na nataka kujua kabla sijamgusia tajiri habari ya birika. Nani alikuwa anaosha vikombe? Na hivi ile miguu yako ya ziada, suruali zake ziliuzwa kweli mwaka uliofuata, au Mzee alitudanganya tu tutulie?

Somo wako

N.B. Tatu ameniuliza leo, kwa sauti ya chini, kama yule rafiki yangu wa Tanga aliyekata miguu ya kushoto ni mtu wa kweli au nimemtunga. Nimempa namba yako. Akipiga, mpokelee.