Kwa Salim wa St. Louis, kuhusu wale wa mkiani

Kansas City, Missouri

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na joto la huko halijawamaliza. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mke wangu anakusalimu, na anauliza zile tende za Muscat ulizomwahidi zimekwama wapi, au umeshazila mwenyewe.

Nimeona heri nikuandikie kuliko kukupigia, maana kwenye simu humwachi mtu amalize neno, hasa tukishafika kwenye besiboli. Juzi ulitoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba drafti, ile siku klabu za ligi kuu zinapochagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, ingeishia raundi ya 10 wala hakuna ambaye angepungukiwa, kwa sababu kuanzia hapo ni kujaza nafasi tu. Ya pili, na hii ndiyo iliyoniuma, kwamba Cardinals wenu wa St. Louis walikuwa na macho ya kumwona Albert Pujols, yule mpigaji, raundi ya 13, ilhali sisi wa Royals, klabu ya Kansas City, tulikuwa naye mlangoni kwetu tukampita. Naanza na hiyo ya pili, nisije nikaugua.

Kweli, tulimpita. Kijana alitoka Jamhuri ya Dominika, akasoma Fort Osage kule Independence, jirani kabisa na uwanja wetu, kisha akaingia Maple Woods, chuo cha jamii hapa hapa mjini. Mechi yake ya kwanza ya chuo alipiga mpira ukavuka uzio besi zote, yaani vituo vya kukimbilia, zikiwa na watu, na siku hiyo hiyo akawatoa wakimbiaji watatu peke yake kwa mpira mmoja, jambo ambalo shabiki anaweza kuzeeka asilione. Royals hawakumchukua. Hiyo tutachekwa nayo mpaka Kiyama, na watani kama nyinyi mna haki ya kutucheka.

Lakini hebu tupige hesabu, bwana. Mwaka 1999 Pujols alikuwa wa 402 kutajwa. Cardinals walipitisha raundi 12 nzima wakitaja majina ya vijana wengine, na wa kwanza wao alikuwa mrushaji kutoka Texas A&M ambaye hakuikanyaga ligi kuu hata siku moja. Anayejua kilichomo ndani ya gunia hangoji mnada ukaribie kuisha. Tena walipomchukua walimpa ofa ya dola 10,000. Akakataa, akaenda zake Hays, Kansas, kucheza ligi ya kiangazi, na kiangazi kilipoisha wakapandisha hadi dola 60,000 hivi ndipo akasaini. Sasa niambie, haya ndiyo macho? Wote walitilia shaka umri wake, mwili wake, na nafasi atakayocheza uwanjani, nyinyi mkiwemo. Kama kuna aliyeona, ni Fernando Arango, msaka vipaji wa Tampa Bay, aliyewaambia wakubwa zake wamchukue, hawakumsikiliza, akaacha kazi. Huyo ndiye ningemvulia kofia.

Sifa ya Cardinals naiweka mahali pengine, na hapo siwanyimi. Walimlea msimu mmoja tu katika ligi za chini, na mwaka 2001 hawakusema "huyu wa raundi ya 13 asubiri kwanza". Walimpanga. Akamaliza mwaka wake wa kwanza na wastani wa kupiga wa .329, yaani karibu mara moja katika kila zamu tatu, na mipira 37 iliyovuka uzio, na akastaafu akiwa na 703. Kumpa nafasi mtu ambaye hukumlipia pesa nyingi ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, kwa sababu yule uliyemlipia mamilioni ana mtetezi ofisini, na huyu mwingine hana.

Halafu kuna jambo tamu ndani ya mechi ile ya Maple Woods. Unajua mrushaji aliyepigwa mpira ule siku ile alikuwa nani? Mark Buehrle. Kijana wa kwenu, wa St. Charles, aliyekuwa anasoma chuo cha Jefferson. White Sox wa Chicago walikuwa wamemchukua mwaka 1998 raundi ya 38, wakamwacha arudi chuoni mwaka mmoja huku wakimtazama, ndipo wakamsainisha. Huyo huyo akaja kushinda mechi 214 ligi kuu, na Julai 2009 akawarushia Tampa Bay mechi nzima bila hata mtu mmoja kufika besi ya kwanza. Fikiria basi umekaa kwenye benchi za mbao za chuo kidogo Missouri, unakula karanga, na mbele yako wamesimama wa raundi ya 38 na atakayekuja kuwa wa raundi ya 13. Hakuna aliyekuambia uangalie vizuri.

Utaniletea na Mike Piazza, nakujua. Raundi ya 62, mwaka 1988, wa 1,390. Lakini Piazza hakuonwa na mtu. Dodgers wa Los Angeles walimchukua kwa kumfurahisha Tommy Lasorda, kocha wao, aliyekuwa rafiki wa baba yake. Ilikuwa hisani. Kilichofuata ndicho kilikuwa chake: mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, aliyepiga mipira 396 nje ya uzio akiwa kwenye nafasi hiyo, rekodi mpaka leo, na mwaka 2016 akaingia Ukumbi wa Umaarufu siku moja na Ken Griffey Jr., aliyekuwa nambari moja kabisa wa drafti ya 1987. Ndiyo maana nakwambia sifa ya raundi za mwisho tusiipeleke kwa klabu. Klabu ikimchukua mtu raundi ya 40 inasema tu "hatujui, acha tuone". Na mimi nalipenda jibu hilo kuliko maringo ya raundi ya kwanza.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2006 Royals walikuwa na nambari moja ya nchi nzima, wakamchukua mrushaji Luke Hochevar. Mwaka huo huo, raundi ya 50, ya mwisho kabisa, watu wameshachoka na kahawa imepoa, wakamtaja mkimbiaji mwembamba wa chuo cha jamii huko Mississippi, wa 1,475. Jarrod Dyson. Bonasi ya Hochevar ilikuwa dola milioni 3.5. Ya Dyson usiulize.

Vuta kumbukumbu mpaka Novemba 2015, mechi ya tano ya fainali, New York, dhidi ya Mets. Sare 2–2, inningi ya 12, yaani zamu ya 12 ya kila timu kupiga. Hochevar ametoka kurusha inningi mbili safi. Salvador Perez, ambaye hakupitia drafti hata kidogo kwa kuwa alisainiwa Venezuela akiwa na miaka 16, anapiga, anafika besi ya kwanza. Miguu ya Salvy unaijua, mzito kama kontena, tena amedaka mechi nzima. Kocha anamtoa. Anaingia Dyson kukimbia badala yake. Uwanja mzima, mpaka wauza soseji, unajua anaingia kuiba besi, yaani kuikimbilia inayofuata kabla mpira haujapigwa. Mrushaji anajua, mdakaji anajua. Na akaiiba. Mpira wa Alex Gordon ukamsogeza besi ya tatu, Christian Colón, aliyekuwa hajapewa zamu ya kupiga hata moja katika mechi zote za mtoano mwaka ule, akapiga kushoto, Dyson akaingia nyumbani, pointi. Tukamaliza 7–2. Ushindi wa mechi kwenye karatasi uliandikwa Hochevar, na pointi ya ushindi ikawa ya Dyson. Nambari moja na raundi ya 50 ya drafti moja, usiku mmoja. Gordon alikuwa wa pili wa nchi nzima mwaka wake, Colón wa nne. Kwenye dakika zile ungewapanga vipi kwa thamani? Mimi siwezi.

Na usisahau kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, mechi ile ya kufa na kupona dhidi ya Oakland, alikuwa yeye Dyson tena, inningi ya tisa, tuko nyuma kwa moja, akaiiba besi ya tatu, kisha akasawazisha. Bila hiyo hata fainali ya 2014 tusingeiona.

Raundi ya 50 leo haipo. Walipunguza hadi 40 mwaka 2012, mwaka wa korona wakacheza raundi 5 tu, na tangu 2021 ni 20. Mwaka huo huo timu za ligi za chini zilizofungamana na klabu kubwa zikashushwa kutoka 160 hadi 120. Juzi juzi wamepunguza hata idadi ya wachezaji ambao klabu inaruhusiwa kuwashikilia huko chini, kutoka 180 hadi 165. Ukiniuliza Dyson wa leo angeingilia wapi, ndiyo hapo nakwama. Alihitaji miaka minne kutoka kuchaguliwa hadi kufika Kansas City. Kiti cha kumsubirisha mtu namna ile sasa kimekuwa ghali.

Najua utakavyojibu, kwa sababu uliniambia nikiwa naendesha gari nikashindwa kukujibu. Ulisema asiyechaguliwa kabisa ana bahati kuliko wa raundi ya 20, maana anajichagulia klabu anayoitaka na bado anaweza kusaini hadi dola 150,000 bila klabu kuguswa na sheria za bajeti. Hoja ina nguvu, naikubali kwa kijana mwenye simu tatu zinazolia kwa wakati mmoja. Lakini wangapi wanapigiwa simu tatu? Kuchaguliwa kunampa mtu jina moja linalosomwa, kuna klabu inayomdai, na mama yake amelisikia. Anayengoja simu usiku ule, kila dakika ikipita anaanza kufikiria kazi ya kwa mjomba.

Halafu hilo la "kujaza nafasi" kuanzia raundi ya 11 ndilo linalonionyesha kwamba huifuatilii drafti vizuri, samahani. Raundi 10 za kwanza kila nafasi ina bei yake, na bei hizo zikijumlishwa ndio mfuko wa klabu. Ukiuzidisha unatozwa kodi, na ukipita asilimia 5 unapoteza nafasi yako ya raundi ya kwanza. Sasa angalia ujanja. Klabu inachukua vijana wa mwaka wa mwisho wa chuo raundi ya saba, ya nane, ya tisa, watu wasio na pa kukimbilia, inawasainisha kwa pesa kidogo. Akiba inabaki mfukoni. Raundi ya 11 inapofika, ambapo dola 150,000 za kwanza hazihesabiwi, inamtaja mtoto wa sekondari ambaye kila mtu aliamini ataenda chuo, na kummwagia ile akiba. Ndiyo maana unamkuta wa 11 amelipwa mara nyingi kuliko wa tisa. Na pale kwenye besi yetu ya kwanza anasimama nani? Vinnie Pasquantino, wa chuo cha Old Dominion, raundi ya 11, mwaka 2019. Kajaza nafasi vizuri, au siyo?

Hata ule mtindo uliomlea Buehrle, wa kumchukua mtu na kumwacha chuo cha jamii mwaka mmoja, waliufuta wakaurudisha mwaka 2022. Aliyechaguliwa baada ya raundi ya 10 anaweza kurudi kusoma na kusaini mwaka unaofuata hadi dola 225,000. Kwa hiyo hata wakubwa wenyewe wanakiri kimya kimya kwamba kijana wa miaka 18 hajaiva.

Uliniuliza pia kama vijana wa kwetu Afrika Mashariki wanaweza kuingia huko. Kwa drafti hapana, labda awe anasoma au anaishi Marekani, Kanada au Puerto Rico. Wale Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, Dodgers waliwasaini mwaka 2022 kwa njia ya wageni, kama Salvy. Dennis Kasumba, yule mdakaji wa zile video za mazoezi na matairi, alikuja 2023 akacheza na Frederick Keys kwenye ligi ya wanaotafuta kuchaguliwa, drafti ikapita bila jina lake. Nilimtazama nikafurahi na nikaumia kwa pamoja, maana nilimwona kijana aliyejifunza kudaka bila vifaa akipangwa kwenye foleni moja na watoto waliolipiwa makocha tangu wana miaka saba.

Basi tufanye hivi, tusimalize maneno. Chukua orodha ya Cardinals ya mwaka huu, raundi ya 15 kwenda chini, nichagulie jina moja. Nami nitachukua la Royals. Marufuku kusoma tathmini za wataalamu. Angalia shule, umri, urefu, na lile jina lenyewe kama linakukaa mdomoni. Wa kwanza kati yao kufika Double-A, ngazi ya pili chini ya ligi kuu, ndiye mshindi, na tajiri wa aliyeshindwa analipa tiketi za familia zote mbili Royals wakicheza na Cardinals, popote itakapochezwa, pamoja na maegesho. Maegesho hasa, maana mwaka jana ulijifanya hukusikia.

Mimi wangu nimeshampata. Mrushaji wa mkono wa kushoto, raundi ya 18, chuo ambacho ilibidi nikitafute kwenye ramani. Jina sikutajii mpaka uniletee lako.

Msalimie shemeji sana, na mwambie mwanao ile glavu asiiache nje kwenye mvua.

Ni mimi nduguyo,
Athumani